Sinia la Meakin la pauni 38: uzoefu wangu

Mzigo ulipofika nilidhani wameniletea tofali. Nilikuwa nimeagiza mtandaoni, hapa Uingereza, sinia jeupe la kauri ya zamani, ile inayoitwa ayanstoni, yaani "jiwe la chuma". Tangazo lilisema ni la 1850. Nikalipa pauni 38, nauli mbali.

Nililigeuza kabla hata ya kuliosha. Nyuma kuna nembo nyeusi ya simba na farasi mwenye pembe, chini yake jina J. & G. Meakin, Hanley, halafu neno ENGLAND. Hapo nikajua nimeuziwa umri wa uongo. Ndugu hawa, James na George Meakin, walianza biashara kwa jina hilo 1851. Tena ENGLAND ilienea kwenye vyombo baada ya sheria ya ushuru ya Marekani, iliyotaka kuanzia 1891 bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, na Marekani ndiko Meakin walikouza sana. Kwa hiyo sinia langu, hata nikilipendelea vipi, ni la miaka ya mwisho ya Malkia Victoria. Muuzaji alinirudishia pauni 10 bila ubishi. Tangazo lake jingine bado linasema 1850!

Mwenye kutafuta cha zamani zaidi aangalie alama yenye umbo la uru, ile ya karata. Ilipigwa kwenye miundo iliyosajiliwa kati ya 1842 na 1883, na herufi za pembeni mwake hutaja tarehe ya usajili. Simba asikubabaishe. Hata wafinyanzi wa Marekani walibandika nembo hiyo ya Kiingereza ili mali yao iuzike.

Sasa chombo chenyewe. Jamani, kizito! Weupe wake una ubuluu kidogo, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kengele. Chuma hamna ndani. Jina lilikuwa la kunadi ugumu. Aliyelipatia jina hilo umaarufu ni Charles James Mason wa Staffordshire, aliyepata hataza yake 1813. Vyombo vyake vilijaa maua ya Kichina, buluu na nyekundu. Hataza ilipokwisha wengine wakaingia, na baadaye vyeupe visivyo na maua vikapakiwa melini kwenda meza za wakulima wa Marekani. Mason mwenyewe alifilisika 1848.

Kasoro: upande mmoja glezi, ule utando wa kung'aa juu ya kauri, imepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na madoa ya kahawia yameingia ndani. Shoga yangu alinishauri nitie jiki. Usithubutu, inakula glezi. Nililoweka siku nne kwenye haidrojeni peroksaidi, nikaliacha likauke polepole, na madoa mengi yakatoka. Moja, karibu na mshikio, limegoma kabisa.

Idi nilipakulia biriani humo na wageni wakalisifu kuliko biriani yenyewe. Baadaye nikaja kujua kwamba glezi nyingi za zama hizo zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sasa linakaa kabatini na kazi yake ni kubeba machungwa, na maganda yake.

Nyota nne kwa sinia, mbili kwa muuzaji. Bado natafuta bakuli la supu la Meakin lenye kifuniko chake cha asili, ila safari hii naomba kwanza picha ya nyuma.