TAHADHARI: "Shamba la mipaini lenye chemchemi na uwindaji" Mufindi

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa ya ndugu zetu walioko Muscat na Dubai: ekari 10 za mipaini ya miaka kumi huko Mufindi, chemchemi katikati, "wanyama wa kuwinda wapo", laki tatu kwa ekari. Shemeji yangu alinituma nikamkagulie kabla hajatoa kishika uchumba. Msitume hela.

Bei yenyewe inajisema. Mipaini ikipandwa mita 3 kwa 3, ekari inabeba miche kama 450. Kwa laki tatu, mti mmoja haufiki shilingi 700, na ardhi umepewa bure. Nani huku Mafinga, mji wa Mufindi, anauza hivyo?

Picha ni za shamba la miti la Serikali, Sao Hill. Kwenye mojawapo kibao kimekatwa pembeni, lakini herufi "TF" za TFS, wakala wa Serikali wa huduma za misitu, zimebaki.

Dalali alinipeleka kwingine kabisa, bondeni, penye pori la miti ya asili. Chemchemi ipo, sikatai, na maji yake matamu. Ila juu yake pana tangi la zege, na bomba linashuka hadi kijijini. Nikamuuliza, akanijibu bila haya: "Hilo tutalihamisha, bosi." Chanzo cha maji ya kijiji kizima! Hata kingekuwa ndani ya shamba lake, kuna zile mita 60 za kulinda vyanzo vya maji. Ukizungusha mita 60 kuizunguka chemchemi, karibu ekari 3 kati ya hizo 10 hazilimwi wala hazijengwi.

Uwindaji ndio uongo mtupu. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, mnyama ni mali ya umma hata akilala shambani kwako. Bila leseni, huyo nsya (mnyama mdogo jamii ya swala) wa kwenye video ya tangazo atakufikisha mahakamani.

Mkataba wake una muhuri wa kijiji. Nikaupeleka kwa mtendaji, mama mmoja mtaratibu sana. Akautoa muhuri wake droo, akaugonga kwenye karatasi tupu, akaziweka mbili sambamba: wa dalali umekosea jina la kata. Kwenye daftari la mihtasari hakuna kikao kilichojadili mauzo hayo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Mama akaniambia mimi si wa kwanza kuja na karatasi ile.

Mliokwisha kulipa, msifute meseji wala risiti za muamala. Nendeni polisi nazo, na muwaarifu watu wa mtandao wa simu mapema. Nimeona tena tangazo lake: picha zilezile, safari hii anasema shamba liko Njombe.