Seti ya matone ya robo ekari: inafanya kazi, ila si kwenye robo ekari

Nimeitumia seti hii misimu ya kutosha kuijua tabia yake, mvua ikiwa imekuja vizuri na mvua ikiwa imegoma. Ni zile seti za umwagiliaji wa matone zisizohitaji pampu wala umeme: tenki jeusi la lita 1,000, koki, chujio, bomba kuu la milimita 32, viunganishi, na marobota ya mipira ya milimita 16 yenye vitundu kila sentimita 30. Unaliinua tenki, unafungua koki, maji yanateremka yenyewe mpaka kwenye shina. Boksi limeandikwa "robo ekari" kwa herufi kubwa. Jina la kampuni siliweki. Kampuni zinazouza seti za aina hii ni nyingi, na nilizoziona zote zina ahadi ileile na kasoro ileile.

Nampa mtengenezaji nyota nne. Aliyeandika maneno ya kwenye boksi nampa moja, na hiyo ni kwa huruma.

Kifaa chenyewe kwanza. Hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zinazotumika sana zinasema ukimwagilia kwa mifereji, kama asilimia 60 ya maji ndiyo yanayolifaa zao, na kwa matone ni kama asilimia 90. Shambani utaliona hilo bila kikokotoo: udongo kati ya mistari unabaki mkavu, magugu yanaota pale penye maji tu, na majani hayaloi, kwa hiyo magonjwa ya ukungu yanapungua. Anayebeba maji kwa ndoo atapumzisha mgongo. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo.

Ugomvi uko kwenye hiyo robo ekari. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, hesabu ambayo kila mkulima wa sehemu kavu angepaswa kulala nayo. Robo ekari ni mita za mraba 1,000 hivi. Mahali penye jua kali na upepo, hewa inaweza kunyonya milimita 5 au zaidi kwa siku, na mwongozo wa FAO wa mwaka 1998 wa kukadiria maji ya mazao unayapa mahindi yaliyofikia kimo kizidishio cha 1.2. Hapo tumefika milimita 6 kwa siku. Kwa robo ekari hizo ni lita 6,000, kila siku, na tenki ulilouziwa linabeba 1,000. Maana yake utalijaza mara sita kwa siku, tena katika majira ambayo kisima nacho kimeshuka.

Mche mdogo haunywi hata nusu ya hapo, nakubali. Labda ndiyo sababu picha za matangazo zinapenda sana miche midogo.

Geuza hesabu uitazame upande wa mmea. Mistari ikiachana mita moja, robo ekari inakula mita 1,000 za mpira, yaani vitundu 3,300 hivi. Lita 1,000 zikigawanywa humo, kila kitundu kinatoa theluthi ya lita basi. Mnyanya wenye matunda ukipewa theluthi ya lita kwenye jua la kiangazi utakunja majani kabla ya saa nane mchana. Nilimuuliza muuzaji afungue koki kwa muda gani mtu mwenye mazao makubwa. Akanijibu, "Asubuhi kidogo, jioni kidogo." Kijitabu cha maelekezo nacho kina michoro mizuri sana ya kuunganisha viunganishi, lakini hakuna mstari hata mmoja unaotaja lita.

Sasa niseme kazi ambayo seti hii inaiweza hasa, kwa sababu ipo, na ni kubwa kuliko ile inayotangazwa.

Mvua kuwa chache ni jambo moja, mvua kuja vibaya ni jambo jingine. Msimu unaweza kufunga na milimita 500, kiasi ambacho kwenye karatasi kinatosha mazao mengi ya muda mfupi, na bado ukavuna mabua. Mvua kubwa inamwagika siku mbili tatu na kukimbilia bondeni, halafu jua linawaka wiki tatu mfululizo, na wiki hizo tatu zikaangukia pabaya. Kwa mahindi, pabaya ni kuanzia wiki mbili kabla ya kutoa ndevu mpaka wiki mbili baada yake. Kiu ya kipindi hicho hairekebishiki, hata mvua ikirudi kwa kishindo, kwa sababu punje hazikushika. Mvua ya baadaye inarefusha majani tu.

Kiraka cha pengo hilo ndicho seti hii inachoshona vizuri. Chukua paa la mita za mraba 100. Kwa msimu wa milimita 500, ukitoa asilimia 20 ya yanayopotea, unakinga lita 40,000. Ukizipeleka kwenye robo ekari nzima zinaisha kabla ya wiki moja. Zipeleke kwenye mita za mraba 250, yaani robo ya hiyo robo, na zinakuvusha siku 24 hivi hata ukitoa asilimia 10 ya upotevu. Siku 24 ndiyo pengo zima la ukame wa katikati ya msimu, na hapo mtu anavuna wakati majirani wanakata malisho. Kwa hiyo nashauri ununue seti ndogo kuliko unayoitamani, na pesa inayobaki iende kwenye pa kuhifadhia maji, maana lita 40,000 hazikai kwenye tenki moja. Wengi tunachimba bwawa na kulitandika karatasi la plastiki. Bwawa lililo wazi nalo linanyonywa na jua kila siku, milimita 5 na kuendelea, kwa hiyo lichimbwe la kina kirefu na uso mdogo, na ukiweza uliwekee kivuli.

Kipima mvua hakimo kwenye boksi, na kingekuwemo kingekuwa na thamani kuliko stika na kalenda walizonipa. Hata kopo lenye kuta zilizonyooka na rula linatosha. Bila kupima, mtu anaona udongo umelowa juu anafunga koki, kumbe zilikuwa milimita 4 ambazo jua la siku moja limezichukua.

Turudi kwenye vifaa. Stendi ya mabomba iliyokuja na seti inainua tenki mita moja. Mita moja ya kimo inatoa presha kama ya bari 0.1 tu, na kitundu kilichoandikwa lita moja kwa saa, kilipimwa kwa presha ya bari moja, hapa kinatoa theluthi tu ya hiyo. Ukipandisha mpaka mita mbili, mtiririko unaongezeka kwa asilimia 40 hivi. Kwenye zile mita za mraba 250, stendi ya mita moja inahitaji saa sita hivi kufikisha lita 1,500 za siku, na ya mita mbili saa nne na kidogo. Lakini kumbuka tenki likijaa linabeba tani moja ya maji, na stendi ile nyembamba ilianza kupinda miguu mapema sana. Jenga kwa mawe au matofali, juu ya msingi mgumu, na watoto wasicheze chini yake.

Mpira mrefu nao unadanganya. Weka vikombe chini ya vitundu vichache, karibu na bomba kuu na mwisho wa mstari, fungua kwa dakika 20, kisha pima. Kwangu, kwenye mistari mirefu, cha mwanzo kilipata mililita 100 na cha mwisho 60 na kitu, na huko mwisho mimea ilikuwa mifupi kwa namna ambayo mbolea isingeweza kuieleza. Nilipoyaweka mabomba makuu katikati ya shamba na kutoa mipira mifupi pande zote mbili, tofauti ikabaki ndogo. Shamba likiwa na mteremko, laza mipira kukata mteremko, isifuate maji yanakoelekea.

Chujio ni zuri, la visahani, linalozuia chembe zinazozidi maikroni 130. Ndicho kitu pekee kwenye boksi ambacho sikukiongezea wala kukibadilisha. Lioshwe mara kwa mara, na kila wiki ufungue ncha za mipira maji yatoke na tope lake. Tenki kuwa jeusi si urembo, linazuia mwanga, na bila mwanga ule ukijani wa utelezi hauoti. Maji magumu yenye chokaa yataacha ukoko mweupe kwenye vitundu. Huo chujio halina la kuufanyia, unahitaji asidi nyepesi na mtu anayejua kipimo chake.

Kuna jambo la chumvi, nalo sikuliona likisemwa na muuzaji yeyote. Matone yanasukuma chumvi ya maji na ya mbolea mpaka ukingoni mwa ule mduara uliolowa, na inakaa huko kimya. Mvua ya kwanza nyepesi ikinyesha, inaiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi. Utashangaa mimea inaungua kingo za majani siku mbili baada ya mvua uliyoiombea dua. Wenye maji ya chumvichumvi waache koki wazi wakati mvua ya aina hiyo inanyesha, ili msukumo uendelee kwenda nje. Jirani atakucheka unamwagilia kwenye mvua. Mwache.

Mipira yenyewe ina unene wa milimita 0.2, kama ganda la kitunguu. Jembe likiteleza kidogo, imekwenda. Panya na ndege wenye kiu huitoboa pia, na nimeona inasaidia kuwawekea vyombo vya maji pembezoni mwa shamba. Viunganishi vya akiba vilivyomo ni vichache mno. Kabla ya kulipa, hakikisha vipuri vya saizi hiyo vinapatikana karibu nawe, kwa sababu kuna seti zenye vipimo vya peke yake ambavyo mpira wa kampuni nyingine hauingii hata uutie kwenye maji ya moto.

Kuna watu wataniuliza kama kuna njia ya bei nafuu zaidi. Ipo, tena inategemea unalima nini. Kwa mtama, uwele na kunde kwenye eneo kubwa, usinunue seti yoyote. Chimba mashimo. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, aliyapanua mashimo ya kupandia ya wazee wake, yanayoitwa zai, na kuyatia samadi, akafufua ardhi iliyokuwa imegeuka sakafu. Shimo la upana wa sentimita 20 hadi 40 linashika mvua palepale inapoangukia, halina chujio la kuosha wala panya wa kulitoboa, ila jasho lake ni la kweli. Kwa bustani ndogo ya nyumbani kuna mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, unaifukia hadi shingoni na kuijaza maji, nayo inavuja polepole kwa kadiri udongo unavyokauka. Wachina waliandika juu ya mbinu hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Seti ya matone inaingia hapo katikati: mboga, matunda machanga, na kipande cha mahindi ya kuvusha nyumba.

Mwenye kisima kisichokauka na pampu yake, hii haimfai, atafute mfumo wa presha kamili. Asiye na pa kuhifadhia maji aanzie na bwawa, seti isubiri. Aliye na lita zake elfu thelathini au arobaini zimekaa, na shamba dogo lililo karibu na tenki, anunue, ajenge stendi ya mawe, na akate mipira mifupi. Ile itakayobaki kwenye robota asiipande. Aiweke kivulini, ndiyo vipuri vyake vya msimu ujao.