Onyesho la anga kwenye hema la kuba: swali la mpwa wangu lilistahili jibu

Nilikusudia kulisifu onyesho hili bila kinyongo, kwa sababu huku Iringa huduma ya namna hii ni adimu, na watu waliosafirisha hema la kuba, projekta na darubini hadi kwetu wanastahili shukrani. Lakini kila nikikumbuka jinsi mwongozaji alivyomjibu mpwa wangu, sifa zinanikauka mdomoni.

Ilikuwa kipupwe kilichopita. Katikati ya onyesho ilitandazwa juu ya vichwa vyetu sura nzima ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, kundi kubwa mno la nyota ambalo Jua letu limo ndani yake, kana kwamba inatazamwa kutoka juu: mikono iliyojipinda, mwimo mnene wa nyota unaopita kwenye kitovu, na alama ndogo ya kuonyesha mahali Jua lilipo. Mwongozaji akatamka kwa uhakika kwamba hiyo ni picha ya galaksi yetu iliyopigwa angani. Mpwa wangu, aliye darasa la sita, akanyosha mkono na kuuliza kwa adabu: "Samahani, mwalimu, ikiwa sisi tuko ndani yake, aliyeipiga picha alisimama wapi?" Akajibiwa: "Setilaiti zipo nyingi, binti. Kaa chini, usiwapotezee watu muda." Baadhi ya wakubwa wakacheka, na mtoto hakufungua tena kinywa.

Jibu lile lilikuwa la ukali, na tena halikuwa la kweli. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, imefika mbali kuliko chombo kingine chochote cha binadamu, na bado nuru huumaliza umbali huo kwa takriban siku moja, ilhali kuivuka galaksi yetu kutoka ukingo hadi ukingo huichukua nuru hiyo hiyo miaka 100,000 hivi. Tulichoonyeshwa ni mchoro, tena mchoro wa kuheshimika, na lau tungeambiwa hivyo ningepiga makofi, kwa sababu namna ulivyopatikana ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1785 mwanaastronomia William Herschel alizihesabu nyota akaliweka Jua karibu na katikati, asijue kwamba vumbi lililotanda kati ya nyota linamficha sehemu kubwa ya galaksi. Mwaka 1951 yakanaswa kwa mara ya kwanza mawimbi ya redio ya hidrojeni, yenye urefu wa sentimita 21, ambayo hulipenya vumbi hilo, na kwa hayo wanaastronomia wakaanza kuifuatilia mikono. Upande wa ng'ambo ya kitovu bado haujapimwa vizuri hadi leo. Mtoto aliuliza swali ambalo wanasayansi wamelihangaikia kwa zaidi ya karne mbili, akaambiwa akae chini.

Haki inanidai niseme pia habari ya dada aliyesimamia darubini nje. Kitovu cha galaksi, kilicho umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, kilikuwa karibu na utosi upande wa kundinyota la Kausi, mahali ambapo mtu wa London hukiona chini kabisa karibu na upeo, na yeye alitufafanulia kwamba mafungu ya nyota yenye umbo la tufe yamejazana upande ule, jambo lililomwezesha Harlow Shapley kutangaza mwaka 1918 kwamba Jua haliko katikati. Tuliliona fungu moja kwa darubini, na kwa dakika chache nilikuwa tayari kusamehe yote. Kisha akamwambia mpwa wangu, "Uliza chochote, mdogo wangu," na mtoto akatikisa kichwa. Hapo hasira ilinirudia yote.

Majirani wa galaksi yetu nao walipitwa mbio. Andromeda ilitajwa, lakini Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani, ambayo mwishoni mwa mwaka huonekana kwa macho tu kutoka kwetu mbingu zikiwa wazi, hayakutajwa kabisa. Ilhali ni katika Wingu Dogo ndipo Henrietta Leavitt alipopata, mwaka 1912, kanuni ya kukadiria umbali kwa nyota zinazobadilika mwangaza, ambayo baadaye ilimwezesha Edwin Hubble kuthibitisha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na alama tatu kati ya tano. Sasa natoa moja. Dada yule akikabidhiwa onyesho la ndani ya hema, nitalipa kiingilio kamili na kumleta mpwa wangu tena. Akibaki bwana yule, sirudi hata kwa bure.