Dakika nne kabla ya mchezo: uzoefu wangu na lancha za VR

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kutoka Kitengela. Ana miaka 13, na wiki nzima alikuwa akinipigia simu kuuliza kama ile hedseti ya VR (uhalisia pepe), kifaa cha kuvaa machoni kuchezea michezo, ingali inafanya kazi. Nilisukuma meza ya sebuleni hadi ukutani, nikakunja zulia, nikamvisha hedseti na kumkazia mkanda kisogoni. Akasimama katikati ya chumba, rimoti mbili mikononi, mabega juu. Nikabofya mchezo kwenye kompyuta, tukangoja. "Mjomba, mbona naona giza tu?" Mchezo ulifunguka baada ya dakika nne na ushei. Kufikia hapo alikuwa amevua hedseti mara mbili, na sponji imemwachia alama nyekundu kwenye paji la uso.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na hedseti yenyewe. Nimekaa nayo miezi minane hapa Roysambu, picha ni safi na rimoti hazipotezi mkono. Kinachoniumiza ni lancha, yaani programu za kompyuta za kufungulia michezo ambazo huwezi kucheza bila kuzipitia: ile ya waliotengeneza hedseti, na ile ya duka ninakonunua michezo. Kompyuta si ya kuonewa huruma pia. Niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya Luthuli Avenue: prosesa ya kori sita, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16, kadi ya grafiki ya GB 8, na diski ni SSD, ile ya kasi. Michezo ya kawaida ya skrini inakwenda bila kukwama.

Usiku huo, kijana alipolala, nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc nikaangalia ni nani anayekula kompyuta yangu. Sikuwa nimefungua mchezo hata mmoja. Lancha hizo mbili zilikuwa zimeshika karibu GB 3 za RAM, zimejigawa vipande 17 vinavyofanya kazi chinichini. Sababu yake inaeleweka: lancha nyingi za siku hizi zimejengwa juu ya injini ya kivinjari. Ukurasa wa duka, orodha ya marafiki, matangazo ya ofa, kila kimoja ni ukurasa wa wavuti unaowaka hata usipoutazama. Juu ya hapo kuna ile nyumba ya pepe, sebule ya 3D yenye madirisha na milima kwa mbali, inayopakiwa kwenye kadi ya grafiki ili tu nisimame ndani yake na kuchagua mchezo ambao nilikuwa tayari nimeubofya.

Kwa hiyo mchezo mmoja unapita mageti matatu. Lancha ya duka inaamka na kuiita programu ya hedseti, hiyo nayo inafungua nyumba yake, ndipo mchezo uruhusiwe. Ni kama kwenda kumtembelea rafiki kwenye ploti yake na kukuta askari watatu, kila mmoja na kitabu chake cha wageni.

Kwenye skrini ya mezani ningevumilia. Kwenye VR mwili ndio unaolipa. Hedseti yangu inataka fremu 90 kwa sekunde, yaani kompyuta ina takriban milisekunde 11 tu za kuchora kila picha. Lancha ikiamua kupakua kitu katikati ya mchezo, muda huo unapita kabla picha haijakamilika. Mfumo unashusha mchezo hadi fremu 45 na kujaza nafasi kwa picha za kukisia. Unaona kingo za mikono yako zikitetemeka. Ukigeuza kichwa, picha inachelewa kukufuata, sikio la ndani linasema umegeuka na macho yanakataa. Mke wangu alijaribu siku moja kama hiyo. Dakika sita tu, akakaa kwenye kochi macho yamefumbwa, akaomba chai ya tangawizi. Hajaigusa hedseti tena, na simlaumu.

Kuna jioni nyingine iliyonikera zaidi. Intaneti ilikuwa imekatika mtaa mzima. Mchezo uko kwenye diski yangu, nimeulipia, lakini lancha ikakataa kuufungua kwa sababu haikuweza kuthibitisha akaunti. Hilo sijalisamehe.

Yaliyonisaidia ni haya. Niliziondoa lancha zote mbili kwenye orodha ya programu zinazowaka pamoja na Windows. Nikazima ile nyumba ya pepe, na vidirisha vya lancha vinavyoelea juu ya mchezo. Kisha, kwa michezo inayotumia OpenXR, nikaweka mfumo wa hedseti yangu uwe ndio chaguo-msingi. OpenXR ni kiwango cha wazi cha Khronos Group, muungano wa kampuni za teknolojia, toleo 1.0 lilitoka 2019, na kinauwezesha mchezo kuzungumza na hedseti yoyote inayokiunga mkono bila kupitia tabaka la duka. Mchezo uleule wa mpwa wangu sasa unafunguka kwa dakika moja na sekunde 20. Michezo ya zamani iliyoandikwa kwa mfumo mmoja tu bado inapita mageti yote.

Hedseti naipa nne kwa tano. Programu zake za kompyuta, moja. Kama kompyuta yako ina RAM ya GB 8, usinunue kwa ajili ya VR ya kompyuta. Baki na michezo inayokaa ndani ya hedseti yenyewe. Na watengenezaji watupe chaguo la kuweka draiva (programu ndogo inayounganisha hedseti na kompyuta) peke yake, bila duka wala matangazo.

Jumapili asubuhi mpwa alicheza raundi tatu kabla sijamsindikiza stejini. Jana usiku programu ya hedseti ilijisasisha na kujirudisha kwenye orodha ya zinazowaka na Windows. Nimeitoa tena.