Uzoefu wangu: Kupeleka sarafu za shaba za kwetu zikapimwe daraja Marekani

Natoa nyota tatu kati ya tano. Utaalamu wao wa kutambua kitu halisi sina ugomvi nao. Mbili nilizozuia ni za rangi na gharama, na kwenye shaba rangi ndiyo inayopandisha au kuporomosha bei.

Huduma yenyewe ni ya kampuni kubwa ya Marekani: unawapelekea sarafu, wanaikagua, wanaipa daraja, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo. Nilipeleka pesa mbili (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo ya shaba) za 1892 za ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye picha ya tai, pesa ya Unguja ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, ile yenye picha ya mizani, na heller 20, sarafu ya koloni la Kijerumani iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Zote zilipitia kwa wakala, kwa sababu habari za forodha na bima kutoka Dar sikuziweza.

Daraja ni namba kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hiki kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, halafu kikaenea kwa sarafu nyingine. Kuanzia 60 kwenda juu maana yake sarafu haijachakaa kwa matumizi. Shaba huongezewa herufi: RD ikiwa bado na wekundu wake wa kiwandani, BN ikishageuka kahawia, RB ikiwa katikati.

Sasa tuje kwenye zile pesa mbili za 1892. Moja ilirudi na 64 RB, nyingine 63 BN. Kwa lebo, ya kwanza ndiyo bora na ndiyo ya bei. Lakini ziweke mezani chini ya taa moja uone. Hiyo ya 64 ina wekundu uliobaki vipandevipande kwenye manyoya ya tai, na katikati ya kifua kuna doa jeusi. Ukishaliona, jicho haliendi tena kwingine. Ya 63 ni kahawia tupu, imeiva sawasawa upande wa tai na upande wa maandishi ya Kiarabu, na karibu na ukingo kuna kivuli cha zambarau. Ukiinamisha, mng'ao unazunguka uso mzima bila kukatika mahali. Alama inayoitofautisha na mwenzake ni mkwaruzo mdogo chini ya bawa, ambao bila lenzi huuoni. Mtu akinipa nichague moja, nachukua ya 63 bila kufikiri mara mbili. Namba inahesabu majeraha zaidi kuliko inavyopima uzuri, na RB ni jina pana mno: linabeba shaba iliyopoa vizuri na shaba iliyojaa mabaka.

Pesa ya Barghash niliipeleka kwa makusudi, nione kama watakamata. Wakakamata. Imerudi bila namba, lebo inasema imesafishwa. Kwa wanaonunua kwenye maduka ya watalii: shaba ya zamani iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu huwa na wekundu wa waridi usio na uhai, na ukiitazama kwa lenzi ya mara 10 utaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja, hasa kwenye uwanda mtupu kuzunguka mizani. Taa ikipita juu yake, mwanga unakaa palepale, hauzunguki. Muuzaji atakwambia "hii mpya kabisa". Sarafu ya miaka ya 1880, mpya kabisa!

Walipostahili hela yangu hasa ni kwenye heller ya Tabora. Sarafu hizi zilipigwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, koloni likiwa limezingirwa na fedha kutoka Ujerumani haziji, kwa mitambo ya kubahatisha. Nyingi ni za shaba ya njano, na za shaba nyekundu ni chache zaidi. Yangu ni nyekundu, na taji lake limefifia juu. Mtu asiyezijua atasema limelika kwa kushikwashikwa. Lakini tazama ndani ya huo ufifiaji: ngozi ya shaba bado ni chafuchafu kama ilivyotoka kwenye mtambo, haijalainika, na ukingo wa herufi za D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani) haujaviringika. Hilo ni pigo dhaifu la mtambo, si uchakavu. Wakaguzi wameliona na kuipa daraja la haki, na kwenye lebo wakaandika ukubwa wa taji na umbo la ncha za herufi L katika neno HELLER, kwa sababu ziko za aina kadhaa na bei hutofautiana.

Wakala wangu, simtaji, aliongeza ada ambayo hatukukubaliana, na sarafu zilikaa sana mikononi mwake. Ukijumlisha yote, kumpima yule tai wa 63 kumegharimu zaidi ya thamani yake sokoni.

Kasha pia lisikudanganye. Halizuii hewa kabisa, na shaba nyekundu huweza kuendelea kugeuka humo humo. Soma masharti ya dhamana kuhusu rangi kabla ya kulipia RD. Na kabla ya kutuma, zitoe sarafu kwenye vile vifuko vya plastiki laini vinavyonata. Huacha utando wa kijani unaokula shaba. Asetoni safi huuondoa, ukichovya bila kusugua. Shika kwa ukingo tu, maana alama ya kidole kwenye shaba nyekundu haitoki.

Nitawatumia tena, ila kwa wakala mwingine na kwa sarafu za Tabora peke yake. Pesa za 1892 nitaendelea kuzipima mwenyewe kwa taa na lenzi.