Vikao 12 vya ushauri wa ndoa kwa video: yaliyotufaa na yaliyotukera

Ugomvi uliotufikisha kwa mshauri ulianzia kwenye kiti. Nafanya kazi nyumbani miaka mingi, na kiti cha karibu na dirisha kilikuwa changu bila mtu kutangaza. Mzee, mume wangu, akastaafu, mtoto wetu wa mwisho akahama miezi 2 baadaye, na asubuhi moja nikamkuta mwenzangu amekikalia, redio inaunguruma, ananiuliza leo tunafanya nini. Tunafanya? Nilimjibu vibaya. Akanyamaza siku 4. Katika kimya kile ndipo nilipong'amua kwamba kwa miaka yote tulikuwa tukizungumza habari za watoto tu, na watoto ndio hao wameondoka.

Mimi ndiye niliyetusajili kwenye huduma ya ushauri ya mtandaoni. Yeye aliuliza, "Mama, mashine ndiyo itatupatanisha?" lakini akakubali, nadhani kwa kuwa hakulazimika kukaa kwenye benchi la kusubiria na kukutana na mtu anayemfahamu. Kwa mwanamume wa umri wake hilo si jambo dogo.

Kabla ya kikao kila mmoja alijaza madodoso mawili mafupi. PHQ-9 lina maswali 9 ya huzuni na kukosa hamu. GAD-7 lina 7 ya wasiwasi. Yote mawili yanauliza hali yako ya wiki 2 zilizopita, na kila jibu lina alama kati ya 0 na 3. Ni vipimo vinavyotumika sana na sina neno navyo, ila vinampima mtu mmoja mmoja. Hakuna swali hata moja lililotaka kujua kama tunasalimiana asubuhi. Mfumo ukasoma alama zetu, ukatupangia mtaalamu wa wasiwasi.

Alikuwa mtu mpole, muda wote anaitikia kwa kichwa. Vikao 2 vilipita kwa zamu: mimi nashtaki, mzee anashtaki, dakika 50 zimekwisha, kwaherini. Tukawa tunatoka na hasira kuliko tulivyoingia. Niliomba tubadilishiwe, na hapa nawasifu wenye huduma: ujumbe mmoja ulitosha, sikuulizwa sababu wala kubembelezwa. Safari hii nilimuuliza mshauri mpya kabla ya kuanza: umesomea kukaa na watu wawili kwa pamoja, au mmoja mmoja? Nawasihi mlioko kwenye hali yetu mliulize swali hilo mapema. Kusikiliza mtu mmoja na kusimama katikati ya wawili ni kazi mbili.

Mshauri wa pili alianza kwa kuzungumza na kila mmoja wetu peke yake. Aliniuliza kama namwogopa mume wangu, kama amewahi kunipiga au kunitisha, na kabla ya hayo akataka nijibu ndiyo au hapana tu: kuna mtu anayeweza kunisikia sasa hivi? Nilishtuka kidogo. Baadaye nilielewa. Kwenye skrini haoni aliyesimama nyuma ya mlango, na pale ambapo mmoja anamhofia mwenzake, kikao cha pamoja kinaweza kumletea balaa baada ya kompyuta kuzimwa. Alitwambia pia kwamba hatunzi siri ya mmoja dhidi ya mwingine, na kwamba usiri wake una mpaka: akiona uhai wa mtu au usalama wa mtoto uko hatarini, atachukua hatua.

Kikao nilichokipenda kuliko vyote ni kile alichotuchorea ukoo wetu kwenye skrini, vizazi 3. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa kupindapinda ni ugomvi. Mzee, ambaye hadi siku hiyo majibu yake yalikuwa "sawa" na "hapana", alianza kusahihisha mchoro. Akaeleza jinsi baba yake alivyoacha kazi akawa mtu wa kukaa uani bila kusema na yeyote, mpaka mwisho. Nimeolewa naye miaka 31 na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Niliacha kuandika (nilikuwa naandika hoja zangu, ndiyo) nikamsikiliza.

Kikao cha 6 mzee alifunika kompyuta ghafla katikati ya maneno yangu. Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Kikao kilichofuata mshauri hakumlaumu. Alimtaka ahesabu mapigo ya mshipa wa mkononi, kisha akatueleza alichoandika mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman: moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika katikati ya mabishano, mtu hasikii tena anachoambiwa, na mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia. Kwa hiyo kile kimya nilichokiita dharau, mara nyingine kilikuwa mtu aliyezidiwa. Mara nyingine, nasema. Siku 4 si dakika 20, na hilo nalo nililisema.

Kuhusu kustaafu kwenyewe mshauri alitumia mawazo ya William Bridges, mwandishi wa Marekani, kwamba mabadiliko ya maisha huanza na mwisho wa jambo, kisha huja kipindi cha katikati kisicho na umbo, ndipo mwanzo mpya. Sisi tulitaka kurukia mwanzo. Hakuna aliyekuwa amekaa chini akahuzunika kwamba kazi imekwisha na nyumba imebaki tupu.

Sasa kero. Mtandao ulikatika mara kadhaa, na picha huganda pale pale unapolia, sijui kwa nini. Kukaa wawili mbele ya kamera moja ni shida, kila mara bega la mmoja linabaki nje. Tulipopata kompyuta yenye skrini pana ikawa nafuu. Ujumbe wa maandishi kati ya vikao, waliousifu sana kwenye tangazo, ulijibiwa baada ya siku 2 au 3, na ugomvi wa nyumbani hausubiri. Nilipositisha malipo, mwezi uliofuata wakakata tena. Walirudisha, lakini baada ya barua pepe 4.

Na lipo jambo ambalo sikulitarajia: hakuna njia ya kurudi nyumbani. Ukienda ofisini kwa mshauri, barabara inakupoza. Hapa unafunga kompyuta na bado uko kwenye kochi lile lile, na mtu uliyetoka kumwambia mambo mazito, na vyombo havijaoshwa. Mara mbili tuliendeleza vita papo hapo. Mshauri akatutungia barabara: kikao kikiisha, kila mmoja atoke nje kwa mlango wake, nusu saa, bila simu. Mzee alianza kwa kunung'unika. Siku hizi hutoka hata siku zisizo na kikao.

Mshauri nampa nyota 5. Huduma naipa 3, kwa malipo yale na kwa mashine iliyotupangia mtu asiyetufaa. Kiti tumekisogeza, na kingine kimewekwa upande wa pili wa dirisha.