Studio ya paspoti saizi Majengo, Dodoma: dada anayejua sura za watu

Mnaotafuta pa kupigia paspoti saizi hapa Dodoma, iwe ya ajira, ya chuo au ya pasipoti yenyewe, nendeni ile studio ndogo upande wa Majengo, mtaa wa nyuma ya soko, yenye pazia la bluu mlangoni. Ndani kiti kimoja, taa mbili, kitambaa cha bluu na cheupe, basi. Ila yule dada anayepiga picha ni fundi kwelikweli, na ufundi wake hauko kwenye kamera uko kwenye kuangalia sura ya mtu.

Sehemu nyingine mjini ukikaa unaambiwa "angalia hapa", flashi inawaka, lipa ondoka, unafika nyumbani unakuta umenuna kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Huyu hapigi mpaka akwambie uso umekaaje. Anakwambia hapo umekunja ndita, hapo umebana midomo, hapo umekaza taya, na kila moja ana dawa yake. Ndita anakupandishisha nyusi juu kabisa halafu unaziachia. Taya, unatenganisha meno kidogo huku midomo imefungwa, jaribu hapo ulipo uone uso unavyolegea. Kununa ndio kazi maana kunakaa machoni na mdomoni kwa pamoja, ukirekebisha huku kule kunabaki, kwahiyo hapo anaweka kamera chini anaanza kukuuliza habari za kwenu mpaka sura ifunguke yenyewe.

Mbele yangu alikuwepo babu katoka Bahi na lile jua la saa saba, anataka picha za kufuatilia mafao yake. Dada akamwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi babu", akamsogeza kwenye feni akamwambia wewe babu hujanuna, ni jua tu limekukunja, pumzika kwanza macho yazoee. Akahudumia wengine, aliporudi kwake zile ndita katikati ya nyusi zilishaachia, picha ikatoka ya mzee mtulivu mwenye heshima zake. Angemuwahisha tu ili foleni iende, yule mzee angeonekana mkali kwenye faili lake lote, na wala sio mkali.

Halafu akaja kijana wa suti, nadhani wa hizi ofisi za serikali kule Mtumba. Kidevu juu, kamera anaiangalia kwa chini, kona moja ya mdomo imepanda. Dada kwa upole kabisa: "Kaka hapo umebetua mdomo, upande wa kushoto umepanda, picha itaonyesha nyodo na wewe nimekuona tangu unaingia huna nyodo. Shusha kidevu." Kidevu kiliposhuka na ile kona ikashuka. Hii ya upande mmoja hata wataalamu wanaisema, Paul Ekman yule mwanasaikolojia wa Marekani alieleza kwamba dharau inaonekana kwa kona moja ya mdomo kukazwa na kupanda, tabasamu la furaha linapandisha zote mbili. Sasa mtu wa ajira afungue barua yako akutane na hiyo kona, hata vyeti hatavisoma kwa moyo mmoja.

Kwa pasipoti anakuwa mkali zaidi na namuunga mkono, maana viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka uso usio na hisia, mdomo umefungwa, macho wazi, kwasababu kuna mashine zinalinganisha uso wako na picha. Hata ukiomba akung'arishe ngozi kwenye kompyuta hakubali, anasema picha ya pasipoti haichezewi.

Kasoro zipo. Wanaosubiri wanasimama nje juani, na ndio hao hao wanaingia wamekunja uso, aweke hata turubai jamani na benchi moja, itamrahisishia kazi mwenyewe. Printa inachelewa na umeme ukikatika mnakaa. Bei ni elfu tano kwa picha sita, wengine wanafanya elfu tatu, mimi hiyo elfu mbili ya juu naitoa bila kinyongo.

Jumapili hafungui. Wiki ambazo wanachuo wa UDOM wanarudi msiende mchana, wahini asubuhi anapofungua, na kama una mtoto mdogo mwambie mapema akupishe mbele kabla mtoto hajachoka akaanza kulia.